Nyumba ya Akko Ilienda Baharini

Nyuma ya kwetu hapa Isiolo kuna mahali pa mviringo ambapo nyasi haioti. Mvua ikinyesha kila kitu kinakuwa kijani, hata ukuta wa choo, lakini hapo hapana. Udongo ulikanyagwa na kuchomwa miaka mingi mpaka ukawa mgumu kama chungu. Hapo ndipo nyumba ya Akko ilisimama.

Akko ni nyanya. Ndivyo sisi Waborana tunasema. Mama yangu ni binti yake, na mimi na mama tunalala mbele, kwa nyumba ya mawe yenye stima na mlango wa chuma. Akko alikataa mlango wa chuma. Alisema unapiga kelele kama mtu amekasirika. Yeye alilala nyuma kwa nyumba yake ya mikeka, na kila jioni moshi ulikuwa unapenya kila upande wa hiyo nyumba pole pole, mpaka mgeni angedhani inaungua.

Ile nyumba ilitoka Sericho, kule kukavu kwa wafugaji, kwa mgongo wa ngamia. Fito zake zimepindwa kama mbavu, juu zimefunikwa na mikeka mizito ambayo Akko, na mama yake kabla yake, walisuka kwa mkono. Ndani ilikuwa nyeusi na inang'aa kwa sababu ya moshi. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mwanaume ana ng'ombe, ana maneno mengi, lakini giza likiingia anaomba kulala kwa nyumba ya mtu. Na msichana akiolewa, mama yake anafungua nyumba yake mwenyewe na kumkatia sehemu, fito kadhaa na mikeka kadhaa, aende aanze nayo. Mama yangu hakuchukua. Aliolewa hapa mjini chini ya mabati. Kwa hivyo nilibaki mimi.

"Wewe utachukua?" Akko aliniuliza siku moja, akikamua kitambaa cha kuchuja maziwa.

"Niweke wapi, Akko? Juu ya geti?"

Alicheka. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa nimemaliza form four na nilikuwa nangoja kila kitu kwa wakati mmoja: chuo, kazi, simu ipigwe. Nilikuwa na haraka hata na chai, nainywa ikiunguza. Sikusema sitaki. Lakini ukiuliza mtu kitu kama hicho na akujibu na mzaha, umeshajibiwa.

Mwanamke mmoja wa Nairobi, tuliyemwita Madam, alikuja kwa sababu ya maziwa. Akko alikuwa anauza maziwa ya ngamia asubuhi, na Madam alikuwa njiani kwenda kuona wanyama na familia yake. Mtu alimwelekeza kwetu. Akanywa, akasifu, halafu akaona nyumba. Akauliza kama anaweza kuingia. Akainama, akaingia, na akakaa huko ndani mpaka watoto wake wakaanza kupiga honi. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Sijui kama ni moshi ama ni roho.

Akaniambia anajenga nyumba ya likizo baharini, ya kwake na ya wageni wa kulipa. Lakini si nyumba hivi hivi. Ni nyumba ya kutunza mazingira. Stima ya jua, maji ya mvua, kuta za udongo, choo kisichotumia maji, na hakuna kitu cha kutupwa. Alikuwa anaongea haraka na mikono yake inaruka. Nilimpenda hapo hapo, niseme ukweli. Alikuwa mtu wa kwanza mwenye haraka kuliko mimi.

"Hii ndiyo nimekuwa nikitafuta," alisema. "Hii nyumba haijawahi kuumiza dunia. Mwambie nyanya nataka isimame kule, mbele kabisa, karibu na maji."

Akko akauliza kwa Kiborana, "Anasema nini?"

"Anasema anataka nyumba yako."

"Ya kukaa yeye?"

"Ya wageni wake. Baharini."

Akko aliangalia upande wa ua. Jirani yetu, mama mmoja wa umri wake, alikuwa amejengewa na mtoto wake nyumba ya mabati ya rangi, na tangu hapo hakuna wiki ilipita bila yeye kumwuliza Akko, "Wewe bado unalala kwa kikapu?" Sasa Akko alipaza sauti ivuke ua vizuri: "Kikapu kimepata mchumba!"

Kutoka upande ule tukasikia ndoo inaanguka.

Watu wanafikiria Akko alidanganywa ama alilazimishwa. Hapana. Alitaka. Alitaka jirani aone lori likija kuchukua kikapu. Alitaka kuona bahari. Na alikuwa na sababu ingine, aliniambia baadaye: nyumba isiyo na mtu wa kuirithi inakufa na mwenyewe, na hiyo ilikuwa imepata mahali pa kuendelea kuishi. Lakini alitoa sharti moja.

Kabla ya sharti alitengeneza buna. Hizo ni mbegu za kahawa zinakaangwa kwa samli zikiwa na maganda yake, mpaka zinapasuka. Unatafuna mbegu, unajipaka ile samli kwa mikono na uso. Haipikwi kwa sababu ya njaa. Inapikwa mtoto akizaliwa, watu wakipatana, mtu akiposa. Neno likisemwa na buna ikiwa mdomoni, hilo neno halirudi tena. Hakuna mtu alinifundisha hiyo. Ni kama kujua moto unachoma.

Madam alitafuna, akajipaka samli mashavuni, akapigwa picha. Akko akasema: "Mwambie nyumba hii iwashwe moto ndani kila siku. Asubuhi kidogo na jioni. Ukikosa moshi, mikeka inaoza. Aseme."

Nikatafsiri. Madam akasema mdomo ukiwa umejaa, "Kabisa! Kabisa! Bila moto si nyumba ya ukweli."

Akko akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mimi pia. Karatasi ilikuja baadaye na ilikuwa na mambo mengi, nani anasafirisha, nani analipa. Mimi ndiye niliisomea Akko. Moto haukuwa ndani, na hakuna mmoja wetu aliuliza. Nani anaandika kitu ambacho kimeshaliwa?

Nyumba ilifunguliwa asubuhi moja. Nilidhani itachukua siku nzima. Akko alivuta kamba hapa, akavuta pale, na mafundo yakaachia kama vile yalikuwa yanangoja. Kabla ya jua kupanda nyumba ilikuwa mzigo. Ikapakiwa kwa lori la mtu mmoja wa hapa, wa zile familia ambazo mababu zao walikuwa askari wa Mwingereza. Anapelekanga mbuzi Mombasa. Juu kabisa Akko akaweka mawe matatu ya jiko lake.

Dereva akauliza, "Mama, huko baharini hakuna mawe?"

"Yapo," Akko akamjibu. "Lakini hayanijui."

Mimi na Akko tulipanda lori hilo hilo, na alipoiona bahari aliteremka kwanza. Alienda mpaka maji yakamgusa, akachota na kiganja, akaonja, akatema. Akanigeukia na uso wa mtu ametapeliwa.

"Maji yote hii," alisema, "na mbuzi mmoja hawezi kunywa."

Nyumba kubwa ya Madam ilikuwa karibu kuisha. Ilikuwa nzuri, siwezi kukataa. Kuta za udongo mwekundu zilizopigwa laini kama ngozi, paa la makuti juu sana, upepo unapita bila feni. Kati ya nyumba na bahari walikuwa wamechimba bwawa.

"Na hii?" Akko akaniuliza.

"Ya kuogelea."

"Na ile?" Akaonyesha bahari.

"Hiyo pia wanaogelea."

Akaangalia moja, akaangalia ingine. Alianza kusema, "Sericho..." halafu akaacha. Nilijua alichotaka kusema. Mimi nimezaliwa mjini lakini nimebeba mitungi huko likizo za shule, na najua umbali wa kisima.

Alijenga kwa siku mbili. Fundi mkuu, mzee wa huko huko Pwani, mcheshi, alileta vijana wamsaidie, na Akko akawafukuza kama kuku. Wanaume hawagusi. Akachagua wamama waliokuwa wanabeba udongo, akawaongoza na mikono kwa sababu lugha hawakuwa nayo, na wakaelewana kuliko mimi nilivyoelewana naye. Fundi akasimama pembeni akichunguza mafundo.

"Bibi, shikamoo tena," alisema. "Fundo hili halina nguvu. Mtu akivuta tu, limefunguka."

Nikatafsiri. Akko hakuinua kichwa. "Mwulize, ng'ombe wakihama, yeye anabaki kulinda nyumba?"

Fundi alicheka mpaka akashika kiuno. "Ng'ombe gani, bibi? Hapa kuna kaa tu!"

"Basi kaa wakihama."

Kwa mlango walibishana na Madam. Akko alitaka mlango ugeukie nyuma, upepo usiingie. Madam alitaka mgeni akifungua macho aone maji. Kwa mlango Akko alikubali. Alisema wageni ni wageni, waone wanachotaka. Halafu akapanga mawe yake matatu ndani, akawasha moto, na moshi ukaanza kupenya kwa mikeka na kuelekea baharini. Madam alilia, na hiyo siku najua haikuwa moshi.

Mimi nilibaki. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza: kuwasha moto asubuhi na jioni, na kuelezea wageni nyumba. Akko aliniagiza mbele ya lori, akipanda kurudi Isiolo. "Si moto wa kuchoma nyama. Moto wa kunong'ona. Na usiwe na haraka nao." Alikuwa ananijua.

Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri. Wageni wanaingia wameinama, wananusa, wanafunga macho. Wananiuliza kama kweli ilibebwa na ngamia. Nilikuwa na sare ya kitambaa kigumu na jina la hiyo nyumba ya likizo kifuani, na nilitumia mama picha nyingi. Kila Ijumaa Akko alinipigia na simu ya mama. Hakuniuliza kama nimekula. Aliuliza, "Moto uko?"

"Uko, Akko."

"Haya."

Halafu ikaja familia moja na mtoto aliyekuwa na kifua. Usiku alikohoa, na asubuhi mama yake akatoa nguo zote kwa sanduku zikinuka moshi. Hakuwa mkali. Alisema tu kwamba alilipa kulala kwa nyumba, si kwa jiko. Akaandika maneno kwa mtandao, na Madam akayasoma akiwa Nairobi, akanipigia.

"Tusimamishe moto kidogo," alisema. "Mpaka msimu uishe. Kwanza kuni yenyewe si nzuri kwa mazingira. Tutaweka taa ya jua pale katikati, ile ya rangi ya moto."

Nikamwambia mikeka itaoza. Nikamwambia aliahidi.

"Niliahidi lini, mpenzi?"

"Ile siku ya buna. Ulikuwa unatafuna."

Akajaribu kweli kukumbuka. Halafu akasema, bila ubaya wowote, "Zile mbegu? Mimi nilijua ni ukarimu tu. Zilikuwa tamu sana."

Laiti angekuwa mtu mbaya. Ningejua pa kuweka hasira. Lakini alikuwa ananiuliza mama anaendeleaje, na alikuwa ananitafutia nafasi ya chuo.

Ijumaa simu ikalia. "Moto uko?"

"Hakuna, Akko. Wamesimamisha."

Nyuma yake nilisikia Isiolo, adhana, pikipiki, mbuzi. Akasema, "Mwambie alikula."

"Nimemwambia."

"Akasema?"

Nilishindwa kutafsiri hiyo. Nilisema amesahau. Akko akarudia neno hilo, "Amesahau," kama mtu anayejaribu kiatu kisichomtosha, na akakata simu.

Mvua kubwa ilianza wiki hiyo hiyo. Kwetu mvua inakuja, inapiga, inaenda, na jua linakausha kila kitu kabla ya chakula cha mchana. Kule mvua ikiacha hewa yenyewe inabaki maji. Chumvi inaingia kwa kila kitu. Kwanza nikaona unga mweupe kwa mkeka wa chini, upande wa bahari. Nikaupangusa na kitambaa. Kesho yake umerudi na umeleta wenzake. Nilianika mikeka nje saa za jua, nikairudisha mawingu yakija, mpaka mgongo ukaniuma. Jioni moja niliwasha moto kwa siri, moto wa kunong'ona, na mlinzi akaja mbio na ndoo. Kamba zikaanza kulegea, zile za ngozi. Ukikanyaga ndani unasikia harufu ya sufuria iliyofunikwa na ikasahaulika.

Fundi akashauri dawa ya mbao. Madam akakataa, ina sumu. Akashauri nailoni chini ya mikeka. Akakataa, ni plastiki. Kila kitu kilichokataliwa kilikataliwa kwa sababu nzuri. Mwisho Madam akaja mwenyewe, akaingia, akatoka na mkono umefunika pua. Aliamua iwekwe hema la turubai lenye umbo hilo hilo, na fito za chuma.

"Na hii?" nikauliza.

Akanishika bega. "Haitatupwa. Unajua hapa hatutupi kitu. Itaenda kwa shimo la mbolea, irudi kwa udongo. Si ni vizuri? Imetoka kwa mimea, inarudi kwa mimea."

Nilimwangalia na niliona anaamini. Kwa macho yake hiyo ilikuwa heshima kubwa kabisa anaweza kupea kitu.

Nilimwambia nipatiwe siku moja. Fundi mkuu alikuja na panga kunisaidia kukata. Nikamwambia ngoja. Nikashika fundo la kwanza, la juu ya mlango, nikavuta. Likaachia. La pili likaachia. Hata yale yaliyokuwa yamevimba kwa unyevu, ukiyatuliza na kidole, yalitoka. Fundi akasimama na panga lake halina kazi.

"Kumbe kaa wamehama," alisema kwa sauti ya chini. Hatukucheka.

Wale wamama wa udongo walikuja bila kuitwa. Tulitenganisha kinachofaa na kisichofaa. Kisichofaa kilikuwa kingi. Mikeka ya mama yake Akko, ile ya zamani kabisa, ilikuwa imekaa upande wa bahari kwa sababu ndiyo ilikuwa mizuri na Madam alitaka ionekane. Ilivunjika mikononi kama mkate. Hiyo ilienda kwa shimo. Nilipata fito chini ya nusu, mikeka miwili ya upande wa nyuma, na mawe matatu. Mawe yalikuwa mazima.

Niliacha sare imekunjwa kwa kiti na nikapanda lori lile lile la mbuzi likirudi tupu.

Akko alikuwa amekaa kwa kiti cha plastiki nje ya nyumba ya mawe, ambako sasa analala, kwa chumba changu. Nilimsalimia, nikateremsha mzigo. Aligusa fito moja moja. Akachukua mkeka, akaupeleka kwa pua.

"Unanuka samaki," alisema.

"Nitaufua."

"Mkeka haufuliwi. Unatiwa moshi."

Jirani akachungulia juu ya ua. Nilijua sasa itakuja. Alikuwa na haki yake, alikuwa amengoja miezi yote hiyo. Aliangalia mzigo, akamwangalia Akko, akasema tu, "Salaam aleikum," na akaenda ndani. Hiyo ndiyo iliniumiza kuliko kitu chochote.

Nilimwambia Akko anifundishe kusuka. Nilisema tutaenda mpaka Sericho kutafuta nyuzi, nitatengeneza ile iliyooza yote, nitachukua nyumba, naitaka. Nilisema haraka haraka. Akanionyesha vidole vyake, vimepinda kama mizizi, haviingii tena kwa tundu la mkeka. "Mkeka mmoja ni mwaka," alisema. "Na mwenye kukaa chini mwaka si wewe." Hakusema kwa ubaya. Halafu akasimama na kuanza kupanga fito kwa ule mviringo usioota nyasi, na mimi nikamshikia.

Fito zilikuwa chache, kwa hivyo alizipinda chini sana. Mikeka miwili ilifunika nusu. Nusu ingine tuliweka gunia. Ilipoisha ilinifika kiunoni. Akko akarudi nyuma, akaiangalia na kichwa kimeinama upande.

"Umeniletea nyumba ya mbuzi," alisema. Na ni kweli, jioni aliwaingiza watoto wa mbuzi ndani, na walijaa vizuri, wakalala.

Mimi nilingoja mpaka ameenda kuswali. Nikabeba yale mawe matatu, nikatambaa nikaingia kati ya mbuzi, nikayapanga, nikawasha kijiti kimoja tu na majani kidogo. Sikuwa na haraka. Moshi ulipanda ukagusa mkeka, na kwa muda mfupi ile harufu ya samaki ilianza kuondoka, na chini yake nikasikia harufu ya zamani. Mbuzi mmoja akakohoa. Mwingine akakohoa.

"Wee!" Akko alipiga kelele kutoka mlango wa nyumba ya mawe. "Nani amewasha moto huko? Toa! Utaniulia mbuzi!"

Nikatoa.